Mguu Mzima Unamsubiri Mwenzake

Kama mtoto wako aliwahi kulazwa chini ya mashine ya miali, halafu daktari akakuambia uvimbe umeisha, mshukuru Mungu, mchinjie kuku, lakini kadi ya kliniki usiitupe. Iweke pamoja na hati ya shamba. Nimeanza na hilo kwa sababu wengine wenu mtachoka kusoma kabla sijafika mwisho, na hilo ndilo kubwa.

Shule niliiacha darasa la tatu. Yaliyobaki nilifundishwa na chai. Nilichuma chai ya watu kule Kangari tangu nikiwa kijana mdogo, nikajifunza kuipanda, kuikata na kuipenda, ndipo nikarudi kwetu Tetu nikapanda yangu, shina kwa shina, juu kabisa karibu na msitu, mahali ambapo ukungu wa Julai huingia ndani ya nyumba kama jirani asiyebisha hodi. Hakuna aliyenisaidia. Nasema hivyo ili mjue kwamba mtu anayewaandikia hakuzoea kuambiwa la kufanya.

Binti yangu wa kwanza tulimwita Nyambura, jina la mama yangu mzazi, kama desturi ya Wagikuyu inavyotaka. Kwetu mtoto aliyebeba jina la mama yako ni mama yako. Tangu akiwa wa kunyonya nilimwita Maitu, yaani mama yetu, na yeye alipojua kuongea akaniita kijana wangu. Mama yangu mwenyewe alikuwa hai na mwenye nguvu, kwa hiyo boma langu lilikuwa na mama wawili, mmoja wa kunikaripia na mmoja wa kunipanda mgongoni. Watu wa mjini huona kama mchezo. Kwetu si mchezo.

Hii ilikuwa miaka ya sabini ilipoanza. Nyambura alikuwa hajaingia shule. Mke wangu Wangari alikuwa akimwogesha kwenye karai, akasikia kitu kigumu ndani ya paja la kushoto, juu kidogo ya goti, kama kiazi kilichozikwa. Aliniita nije nishike. Nikashika. Mtoto akacheka, ati ninamtekenya. Mimi na mama yake hatukucheka.

Hospitali ya Nyeri walituangalia siku mbili tatu, wakatutuma Nairobi. Huko wakakata kipande cha hicho kitu, wakakipima, na daktari akatuambia jina lake. Sitaliandika. Jina halimsaidii mtu. Alisema kinataka dawa ya mshipa na kinataka miali, na kwamba mtoto mdogo kama huyu hupona au hakai sana. Alisema hivyo tu, akatazama dirisha. Nilimpenda kwa kutonizungusha.

Chumba cha miali kilikuwa chini, mwisho wa ukumbi mrefu wenye benchi ya mbao iliyong'arishwa na makalio ya watu. Kwanza walimchora. Walichukua wino wa zambarau wakapiga mistari juu ya paja, mistari ambayo haikutakiwa kuoshwa mpaka tiba iishe. Wangari alikuwa akimwogesha kwa kuzunguka ile mistari kama mtu anayefagia kuzunguka jiko la moto. Nyambura aliionea fahari. Aliwaambia watoto wa wodi kwamba hiyo ni mipaka ya shamba lake na asikanyage mtu.

Lakini mlango ulipofungwa, yeye akabaki ndani peke yake na ile mashine kubwa, mchezo uliisha. Mzazi haruhusiwi mle. Nilimsikia kutoka nje.

"Kijana wangu, umeenda wapi?"

"Niko hapa mlangoni, Maitu."

"Sikuoni."

Akaanza kulia, na anayelia hutikisika, na anayetikisika hapigwi miali. Sista aliyekuwa zamu, mwanamke mnene wa kutoka Ukambani, alitoka akasimama mbele yangu mikono kiunoni.

"Baba, huyu mtoto asipotulia tutamlaza kwa sindano kila siku. Huna kitu chake? Mwanasesere? Kitambaa?"

Nikatia mkono mfukoni mwa koti. Nilikuwa na kile nilichokuwa nacho sikuzote, uzi wa katani wa kunyooshea mistari ya kupanda miche. Sista akautazama, akanitazama. Akauchukua, akaingia nao, akafunga ncha moja kwenye kidole cha Nyambura, akapitisha ule uzi chini ya mlango. Ncha ya pili akanikabidhi mimi.

"Shika. Yeye akivuta, na wewe vuta. Polepole, usinitoe mgonjwa kitandani."

Nilikaa sakafuni, mwanamume mzima na koti lake, nikishika uzi. Ukavutwa kidogo. Nikavuta. Kimya. Ukavutwa tena. Mashine ikaanza kunguruma ndani kama kinu cha posho kilicho mbali, na ule uzi haukutikisika. Tulifanya hivyo kila siku ya kazi mpaka mistari ya zambarau ikaruhusiwa kuoshwa.

Kwenye benchi ile nilijuana na mzee mmoja wa Doldol, mfanyabiashara wa ng'ombe, mrefu, mkimya, ambaye alikuwa amemleta binti yake mwenye uvimbe nyuma ya jicho. Siku ya kwanza hatukusemezana. Siku ya pili akanipa maziwa kutoka kibuyu chake bila kuniuliza kama ninataka. Yalikuwa na ladha ya moshi wa kibuyu. Nikanywa.

"Wako anaumwa wapi?" akaniuliza.

"Paja."

"Wangu ni jicho." Akafikiri. "Afadhali paja."

"Afadhali jicho," nikamwambia. "Yuko na mawili."

Akacheka mpaka akashika goti langu. Watu wa benchi nyingine walitutazama vibaya. Mkiwa kwenye benchi ya namna hiyo, chekeni. Anayewakataza hana mtoto ndani.

Siwezi kusema mengi juu ya dawa ya mshipa. Nywele zilitoka, Wangari akazifunga ndani ya leso kana kwamba zitahitajika tena. Mtoto alitapika hata maji. Ngozi ya paja ilichubuka ikawa kama maziwa yaliyoungua chini ya sufuria, halafu ikakauka ikawa nyeusi na ngumu, na nyeusi hiyo imebaki mpaka leo. Wangari aliishi Nairobi kwa dada yake msimu mzima wa mvua ndefu na baridi yote iliyofuata, mimi nikipanda na kushuka kwa sababu chai haingoji mtu. Siku moja nilifika nikiwa na viazi na ndizi, nikaanza kumweleza jinsi majani yalivyokuwa mazuri. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Chai yako haijakosa mtu wa kukaa nayo," akasema. "Mimi nimekosa."

Nilirudi Tetu na neno hilo. Baada ya hapo nilimwachia kaka yangu shamba kila wiki ya pili, na mimi nikalala kwenye kiti cha wodi. Kama mmoja wenu ndiye anayebaki na mgonjwa na mwingine ndiye anayetafuta riziki, badilishaneni hata kama kazi itaharibika. Kazi hurekebishwa.

Akapona. Mvua fupi zilipoanza alirudi nyumbani na kichwa chenye manyoya laini kama kifaranga. Mama yangu alimpokea langoni, akamtemea mate ya baraka kifuani, akamwambia, "Mwenzangu, umetuchelewesha kupanda maharagwe."

Tulienda kliniki mwaka huo, na uliofuata. Uvimbe haukurudi. Mtoto alikimbia, aliingia shule, alipigana. Kwa akili zetu, aliyepona anaenda hospitali kufanya nini, kuwaonyesha meno? Kadi ikakaa juu ya kabati mpaka panya wakaila pembe. Nilikuwa nikimpima kwenye mwimo wa mlango kila Krismasi, naye alikuwa akipanda kama wengine, na mimi nilitosheka. Sikujua kwamba mtoto anaweza kurefuka kwa mguu mmoja.

Aliyeona ni mama yangu. Alikuwa ametoka msituni na Nyambura, wote wawili wakiwa na mizigo ya kuni mgongoni, kamba kwenye paji la uso kama wanawake wetu wanavyobeba. Akautua wake, akakaa akimtazama msichana akija.

"Kuni za huyu zinaenda kushoto," akaniambia.

"Amefunga vibaya, mama."

"Nimezifunga mimi."

"Basi amechoka."

"Jana zilienda kushoto. Juzi pia. Kuni hazichoki upande mmoja." Akamwita. "Mwenzangu, kuja hapa ukae chini. Weka mgongo kwa ukuta. Nyoosha miguu."

Nyambura akanyoosha. Mama yangu akampapasa nyonga, akamsukuma akae sawa, halafu akashuka na vidole vyake mpaka nyayoni. Visigino havikuwa pamoja. Kile cha kushoto kilikuwa kimebaki nyuma, upana wa vidole viwili vya bibi kizee.

"Huu umechelewa," akasema. Alimvalisha soksi zake kama mtoto mchanga, naye alikuwa msichana wa darasa la nne.

Tulirudi Nairobi na kadi iliyoliwa na panya. Benchi ilikuwa ileile. Daktari alikuwa mwingine, kijana mwenye miwani, akapiga eksirei akazitundika mbele ya taa. Mimi nilikuwa nikingoja neno moja tu.

"Uvimbe haujarudi," akasema.

Wangari akafunika uso kwa leso. Mimi nikasimama nikatafuta kofia yangu, kwa sababu kwangu habari ilikuwa imeisha.

"Kaa, mzee. Sijamaliza. Mfupa wa mtoto unakulia mwisho wake, karibu na goti hapa. Miali ilipochoma uvimbe ilichoma na mahali hapo. Mfupa huu wa paja umekoma. Ule wa mguu mwingine unaendelea. Kwa hiyo kila mwaka akikua, tofauti itazidi."

"Mnaweza kuufanya ukue?"

"Hapana."

"Mlijua?"

"Aliyekuwa hapa alijua inaweza kutokea. Bila miali ungekuwa umemzika."

Kuna majibu ambayo mtu hana la kuyafanya ila kuyabeba. Tulipotoka nilimkuta mzee wa Doldol ukumbini, mvi zimemjaa, na binti yake kando yake, msichana mrefu mzuri. Alipogeuka niliona. Upande mmoja wa uso ulikuwa wa msichana, na upande wa pili, kule kwenye jicho, umebaki mdogo na umebonyea, kama uso wa mtoto aliyekuwa ameketi nasi miaka ile.

"Umekuja kwa ajili ya mguu," akasema mzee. Halikuwa swali.

"Umebaki nyuma."

"Na huyu. Upande ule una umri wa siku ile." Akamwita binti yake amsalimie Nyambura. Wale wasichana wawili wakatazamana vizuri, bila aibu, kama watu wawili wanaotoka kijiji kimoja. Wakaenda dirishani kuongea. Sisi tukakaa. Hakuwa na maziwa siku hiyo, nikamnunulia chai ya mkebe, akasema ni maji machafu, na mimi mkulima wa chai nikakubali.

Nyambura akaanza kuvaa kiatu cha juu. Fundi alikuwa Mzee Salim wa Majengo, pale Nyeri mjini, kibanda chake nyuma ya msikiti. Alikuwa akikata matabaka ya raba, anayabandika chini ya kiatu cha kushoto, anayalainisha kingo mpaka usione yalipoungana. Kila mwanzo wa muhula aliongeza tabaka. Kila mara alimsimamisha Nyambura juu ya ubao, akachuchumaa akifumba jicho moja kama mtu anayepima ukuta.

"Simama kama bibi harusi. Si hivyo, bibi harusi wa hiari."

"Babu, kitakuwa kizito."

"Kizito ndiyo dawa ya wezi. Nani ataiba kiatu kimoja kama tofali?"

Shuleni walimwita Panda-shuka. Alirudi siku moja bila kulia akaniambia, na mimi nikachukua fimbo niende shuleni. Alinishika shati.

"Wacha, kijana wangu. Nimewaambia mimi ndiye ninapanda, wao ndio wanashuka."

Lakini mimi nilimsikia. Kila jioni akitoka shule nilimsikia kabla sijamwona, kwenye changarawe ya njia yetu, ko, dumu, ko, dumu, hatua nyepesi na hatua nzito. Hata usingizini ningemtambua. Kila muhula dumu iliongezeka uzito. Na mgongo ukaanza kujikunja kufuata nyonga, kidogo tu, kama shina linalotafuta jua. Wangari alikuwa akimshonea sketi ndefu kuliko sare, na mwalimu mkuu, Mungu ambariki, hakusema kitu.

Mama yangu alifariki katika baridi ya Julai, Nyambura akiwa anakaribia kumaliza shule ya msingi. Tulimzika upande wa juu wa shamba la chai. Kurudi kutoka kaburini nilimkuta Nyambura jikoni amekaa kwenye kigoda cha bibi yake, anachochea moto. Sikumwondoa.

Kabla mwaka haujageuka, daktari wa miwani akatuita. Safari hii alikuwa na mwenzake, daktari wa mifupa. Akasema jambo ambalo sikuwa nimelisikia maisha yangu yote.

"Tungependa kuusimamisha ule mguu mzima."

"Kuusimamisha vipi?"

"Tunafungua goti la kulia, tunafunga pale mfupa unapokulia, juu ya goti na chini yake. Ule wa kushoto bado unakua kidogo chini ya goti. Utamfikia mwenzake, au utakaribia."

"Huo wa kulia una ugonjwa?"

"Hapana."

"Haujawahi kuugua?"

"Ni mguu mzuri sana."

"Na ninyi mnataka kuukata."

"Lazima ifanywe sasa, kabla hajawa mwanamke kamili. Akimaliza kukua, hakuna tena kitu cha kusimamisha. Atabaki na kiatu maisha yake yote, na mgongo utazidi."

Nilisimama. Nilimwambia kwamba mguu mmoja waliula, na sasa wanaomba wa pili. Nilimwambia watu wa ukoo wangu ni warefu, mama yangu alikuwa akichungulia juu ya uzio wa boma, na mtoto huyu ana jina lake na mguu wake mmoja uliobaki, na sitakuwa mimi nitakayetia sahihi ufupishwe. Sauti yangu ilifika ukumbini. Daktari hakukasirika. Alisema ataningoja mpaka mwisho wa mvua, si zaidi.

Tulipokuwa tumepita Karatina, Wangari akanigeukia.

"Ukikataa," akasema, "waambie ni wewe umekataa. Usiseme sisi."

"Wewe unataka akatwe?"

"Mimi naogopa ile hospitali kuliko kaburi. Lakini usiseme sisi."

Nyambura alikuwa ameketi dirishani. Hakuna aliyemuuliza. Ndivyo ilivyokuwa siku zile, mtoto haulizwi. Andikeni hilo ninyi mnaosoma, muulizeni.

Mvua ikanyesha, chai ikachipua. Kila nikisikia ko, dumu, nilitoka kwenda shambani ili nisisikie. Kilichoniuma hakikuwa hasira. Nilikuwa ninaogopa kwamba nitamlaza juu ya meza na mguu mmoja mbaya, aamke na miwili.

Asiyejua chai anafikiri inamea hivyo, sawa kama meza. Haimei hivyo. Kila shina lina tabia yake, jingine linakimbia, jingine linajikokota. Ukiliacha linalokimbia, litamnyima mwenzake jua na mikono ya wachumaji haitafika. Kwa hiyo unachukua ufito ulionyooka, unaulaza juu ya mashina, na kila chipukizi linalopita ufito unalivunja, hata kama ndilo zuri kuliko yote. Baada ya misimu kadhaa, meza inalingana. Kazi hiyo sikumwachia kibarua yeyote.

Asubuhi moja ya Jumamosi Nyambura aliniletea uji shambani. Alisimama njiani kati ya mistari, mguu mzito kwenye ukingo wa juu na mwepesi kwenye wa chini, kama alivyokuwa akichagua mahali pa kusimama sikuzote. Mimi nilikuwa na ufito, ninavunja chipukizi.

"Hizi ndefu zimekosa nini?" akauliza.

"Hazijakosa kitu."

"Zina ugonjwa?"

"Ndizo nzuri zaidi. Lakini shina zima linamsubiri mwenzake, Maitu. Ndiyo meza inakuwa meza."

Nilisema kabla sijafikiri. Chipukizi lilikuwa bado mkononi mwangu. Nilimtazama, naye alikuwa akiutazama uji ndani ya kikombe ili nisione macho yake.

"Zinakufa?" akauliza.

"Hapana."

"Basi."

Nikakaa kwenye ukingo. Akaja akakaa kando yangu, kiatu kikubwa mbele.

"Utakuwa mfupi," nikamwambia. "Wewe si wa kuwa mfupi. Yule bibi yako alikuwa akitazama juu ya uzio."

"Na mimi nitatazama katikati ya fito za uzio. Si ni jirani walewale?"

"Na ikiharibika?"

"Ikiharibika, utanibeba. Si ulinibeba." Akaninyooshea kikombe. "Sitaki tena mtu ambaye kabla hajanijibu salamu anaangalia kiatu changu kwanza. Mama yako atakuwa mfupi. Utamkataa?"

Kulikuwa na mwanamke mmoja tu duniani aliyeweza kunisemesha hivyo, na nilikuwa nimemzika Julai.

"Kunywa uji," akasema. "Halafu nenda utie sahihi."

Nikanywa. Nikaenda.

Siku ya upasuaji walimvalisha joho la kijani, wakamlaza kwenye kitanda cha magurudumu. Alikuwa msichana mkubwa tayari, na mimi nilikuwa nimejiapiza kwamba sitamwaibisha. Lakini walipoanza kumsukuma, mkono wangu uliingia mfukoni wenyewe. Aliuona ule uzi wa katani.

"Kijana wangu, bado unatembea na hii kitu?"

"Ni ya kazi."

Akacheka. Akanyoosha kidole. Nikamfunga, nikashika ncha yangu, nikatembea nao mpaka mlango ule ambao mimi sipiti. Mlango huo haukuwa na uwazi chini. Kwa hiyo nikaachilia, na uzi ukaingia wote pamoja naye, ukiburura sakafuni nyuma ya magurudumu.

Wangari alikuja akakaa kwenye benchi kando yangu. Baada ya muda alitoa mkono wake ndani ya leso, akanipa kidole kimoja. Nikavuta kidogo. Akavuta. Hatukuwa tumefanya kitu kama hicho tangu tuoane.

Nyambura alitoka amefungwa plasta goti lote na uzi umeviringishwa kwenye kifundo cha mkono. Sista fulani hakuwa na moyo wa kuutoa.

Msitarajie muujiza. Plasta ilipotoka miguu bado haikuwa imelingana. Maumivu yalikuwa mengi, na watu wa kanisani walikuja kunipa pole kana kwamba nilichinja mtoto. Mwaka wa kwanza hakuna aliyeona chochote isipokuwa Mzee Salim.

"Ngoja," akasema akiwa amechuchumaa, jicho moja amelifumba. "Simama tena. Bibi harusi wa hiari." Akachukua kisu, akabandua tabaka moja la raba chini ya kile kiatu, akalitupa kwenye kapu la takataka. "Miaka yote hii ninajenga. Leo mnaniambia nibomoe."

"Bomoa, babu," Nyambura akasema.

Akabomoa. Msimu baada ya msimu, mvua ndefu na mvua fupi, tabaka kwa tabaka. Kila tulipotoka Majengo alikuwa mwepesi kidogo kuliko alivyoingia. Mgongo ukaacha kukimbia. Haukunyooka wote, lakini ukaacha.

Leo Nyambura ni mama wa watu, ni mwalimu, na kimo chake kinafika kwapani mwangu. Paja la kushoto ni jembamba, ngozi yake ni ngumu, na katika baridi humwuma mpaka alifunge kitambaa cha sufu. Mfupa uliopigwa miali ni mwepesi kuvunjika, kwa hiyo hatukumruhusu tena mizigo ya kuni, na nanyi msimruhusu wenu hata akijifanya shujaa. Mpimeni si mlangoni tu. Mketisheni ukutani, mnyooshe miguu yake, tazameni visigino. Kama ni uso, tazameni uso. Kama ni mgongo, tazameni akiinama. Na wakiwaambia jambo la ajabu kama nililoambiwa mimi, ulizeni mara mbili, kasirikeni kama ni lazima, lakini msikasirike mpaka mvua iishe.

Siku ninayoikumbuka kuliko zote haikuwa ya hospitali. Yeye alikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni, na mimi sikujua kwamba likizo imefika. Nilikuwa ndani ya banda langu la chai alasiri, mvua imekatika, ninapanga magunia. Lori la kiwanda lilikuwa limeshaondoka. Nikasikia mtu anakuja kwenye changarawe. Hatua za haraka, sawasawa, moja kama nyingine. Nikajua ni mmoja wa wale majirani wanaochelewesha majani halafu wanataka kuhurumiwa.

"Nani huyo?" nikaita bila kugeuka. "Kama ni chai rudi kesho, lori limeenda."

Hatua zikasimama. Halafu zikaendelea, sawasawa, mpaka mlangoni.

"Si chai," akasema. "Ni mama yako."